Nadhiri ya Jurko

Wajukuu zangu wananicheka kwa kuwa tangu nirudi kutoka mazishini Cleveland, Jumanne sigusi nyama. Wanadhani ni uzee. Juzi yule mkubwa, aliyesoma mpaka akapata miwani, alinisogezea sahani ya nguruwe wa kuoka akaniambia, "Bibi, padri mwenyewe anakula, wewe ni nani?" Nikamwambia mimi ni Zofia Kolesar, nimewapikia wanaume wanane kwa sufuria moja miaka kumi na minne katika mtaa huu huu wa Pittsburgh kabla mama yako hajaota meno, na Jumanne sili nyama, na hiyo sahani iondoe mbele yangu kabla sijaimwaga. Akaiondoa. Wananijua.

Basi acheni nieleze. Nitaeleza mara moja tu.

Mwaka elfu moja mia tisa na saba, mimi na mume wangu Ondrej tulikuwa tumepanga nyumba ya vyumba vitatu chini ya kilima, pale ambapo moshi wa kiwanda cha chuma uliingia mpaka kwenye mkate. Vyumba viwili walilala wapangaji wetu saba, wote Waslovaki wenzetu, wote wametoka vijiji vya kule kwetu ng'ambo. Wengine zamu ya mchana, wengine zamu ya usiku. Huyu anaamka, yule analala hapo hapo, shuka haipati hata nafasi ya kupoa. Chumba cha tatu ndicho kilikuwa jiko, na humo tulilala mimi na Ondrej. Kufua ni mimi, kupika ni mimi, kujaza ndoo zao za chakula cha kiwandani ni mimi. Msinionee huruma. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na mdomo wangu ulikuwa unafanya kazi ya watu wawili.

Sasa habari ya nyama. Kila mwanamume alinunua nyama yake mwenyewe. Nyumba zote za wapangaji mtaani zilikuwa hivyo, kwa sababu huyu anataka yenye mafuta, yule hataki mfupa, na hakuna aliyetaka kula kidogo kuliko jasho lake. Mimi niliyapika mapande yote pamoja na kabichi chachu katika sufuria moja kubwa, na ili kila mtu apate chake, kila pande nililifunga uzi wa rangi ya mwenyewe. Ondrej mweupe. Mzee Ciril Hudak, aliyekuwa mkubwa wa wote, mweusi. Jurko Babjak mwekundu. Na Matus Gajdos, Mungu amrehemu, buluu. Siku moja nilikosea nikampa huyu la yule, wakarushiana viti.

Huyo Jurko ndiye ninayetaka kuwaambia habari zake. Mkono wa birika! Mshumaa ukibaki urefu wa kucha, Jurko anauweka mfukoni. Kifungo cha shati kikianguka atatambaa chini ya meza nusu saa. Na nyama yake aliipima kwa vidole, asubuhi ikiwa mbichi na jioni ikiwa imeiva, mbele ya watu wote.

"Shemeji Zofia," ananiambia, "asubuhi ilikuwa vidole vinne."

"Na sasa?"

"Vitatu na kitu."

"Nyama inasinyaa ikipikwa, Jurko. Mama yako hakukufundisha?"

"Ya Mzee Ciril mbona haisinyai?"

"Ya Mzee Ciril ina adabu!"

Wenzake wanacheka, yeye anatafuna huku ananitazama kwa yale macho yake madogo. Lo, nilimchukia mtu yule.

Lakini kuhusu kusinyaa alikuwa anasema kweli, na mimi nilijua. Hapo lazima nirudi nyuma kidogo, kwa Matus.

Matus alikuwa amemwita mkewe Paulina na binti yao Evka, mtoto wa miaka minne. Walipofika New York, pale kisiwani wanapochunguzwa wageni, serikali ilimpelekea Matus telegramu kumuuliza kama ni mkewe na kama atampokea. Akajibu siku ya Jumatatu. Alirudi nyumbani anacheka peke yake, akanyoa ndevu. Jumatano chuma cha moto kikamwagika kiwandani, na hakikubakisha mengi ya kuzika. Ijumaa Paulina akashuka kwenye treni, kabeba godoro la manyoya ya bata mgongoni, kamshika mtoto mkono, anatafuta uso wa mumewe katikati ya nyuso zetu. Mimi ndiye niliyemwambia. Hiyo sehemu siielezi.

Kurudi kwao hakuweza. Kishamba chao kilikuwa kimeuzwa, na nyumba alishaichukua shemeji yake, mtu asiyejua kumpisha mjane hata kwenye benchi la kanisa. Mumewe amelala huku. "Nirudi kwa nani, dada?" aliniuliza, nikamtandikia karibu na jiko. Tukapatana: yeye atafua, mimi nitamlisha yeye na mtoto.

Kumlisha kulikuwa rahisi kusema. Mkate upo, kabichi ipo, viazi vipo. Nyama ndiyo haikuwepo. Pande la Ondrej tulilila wawili na lilikuwa halitutoshi. Na Paulina alikuwa na kiburi chake cha kimya, mbaya kuliko cha kelele. Nikimmegea changu anakirudisha kwenye sahani yangu. "Sili cha mtu," anasema, na mtoto pembeni anatoa macho.

Basi asubuhi moja nilichukua kisu, nikakata kwa kila mwanamume ukanda mmoja mwembamba. Wa Mzee Ciril, wa Ondrej, wa Jurko, wa kila mmoja. Nikazifunga zile kanda pamoja kwa uzi wa buluu wa Matus, nikazitumbukiza sufuriani na yale mapande. Jioni nikamwekea Paulina. "Hii ndiyo haki yako ya kufua," nikamwambia. "Nimekununulia. Umeifanyia kazi." Akautazama ule uzi. Akaniuliza rangi hii ni ya nani, nikamwambia ya Matus, sasa ni yako. Alikula huku analia, lakini alikula, na Evka alilamba mpaka uzi.

Kuiba ni kuiba. Siipi jina jingine. Nilikuwa nawaibia wanaume waliokuwa wanasimama kwa saa kumi na mbili mfululizo mbele ya tanuri, na kila Jumapili nilimwambia padri habari ya hasira zangu na uvivu wa kusali, hiyo ya kisu naimeza.

Nilijitahidi kukata sawasawa. Lakini yule Jurko na vidole vyake! Kila akipima, damu inanipanda, na kesho yake kisu kikifika kwenye pande lake mkono unakuwa mzito. Namkomesha, nasema moyoni. Kwa wengine nakata ukanda, kwake nakata mnofu. Na pande lake lilistahimili, maana lilikuwa kubwa. Mke wa muuza nyama aliwahi hata kuniuliza, "Zofia, yule Babjak ameoa? Siku hizi anabeba nyama ya watu wawili." Nikamjibu yule ni mlafi tu, hana mke wala hatapata.

Oktoba mambo yakaharibika. Mabenki yalifunga milango, na kiwandani wakaanza kuzima tanuri moja baada ya moja. Kufika Novemba nusu ya mtaa ilikuwa inakaa nyumbani, wanaume wameegemea kuta wanatema mate. Nyama ikapungua sufuriani, ila sikuacha kukata. Ningeachaje? Mtoto alishaanza kunenepa mashavu.

Ndipo Paulina akafanya kosa lake. Baridi ilikuwa imeingia, Evka hana viatu, na jirani mmoja akamwambia kuna ofisi mjini wanatoa viatu vya watoto, nenda tu. Akaenda. Wakamuuliza jina, akasema. Wakamwonyesha mahali pa kuweka alama, akaweka msalaba. Akarudi mwenye furaha, Evka anatembea kama mtu anayekanyaga mayai, viatu vyeusi vina vifungo vya pembeni.

"Umepata wapi?" nikamuuliza.

"Wamenipa. Dada, kumbe Amerika mtoto akifika anapewa viatu!"

"Nani kakupa?"

Aliponiambia, nilifunga mlango. Ile ilikuwa ofisi ya maskini. Na sheria tuliijua wote, ndiyo iliyokuwa inatutia hofu kuliko tanuri: mgeni ambaye hajamaliza miaka mitatu, akionekana ni mzigo wa serikali, anarudishwa alikotoka kwa meli iliyomleta. Yeye alikuwa na miezi mitatu.

"Umeweka msalaba kwenye karatasi bila kuniuliza?" nilimpigia kelele, Mungu anisamehe. "Una kichwa au una boga?"

Haikupita wiki mbili barua ikaja. Padri alitusomea. Afisa atakuja nyumbani kutazama mjane Gajdos anaishi vipi na nani anamlisha. Padri akavua miwani. "Aonekane anakula kwa kazi yake mwenyewe," alisema. "Asionekane anakula huruma ya watu. Hilo ndilo watakaloandika." Tukauliza siku gani atakuja. Siku hawakuandika.

Wapangaji wote waliisikia ile barua. Jurko aliuliza tu kama mkate umebaki.

Afisa alikuja Jumanne, saa sita mchana. Na Jumanne ile, jamani, kila kitu kilikuwa upande usiofaa. Kwanza, kiwanda kilikuwa kimefungwa kabisa siku hiyo, kwa hiyo wanaume wote wanane walikuwa wamekaa jikoni kwangu tangu alfajiri, wanajipasha moto na kunitazama mikono. Ningekataje nyama ya watu mbele ya macho yao? Sikukata. Nilifunga mapande manane kwa nyuzi nane, na uzi wa buluu ukabaki mfukoni mwa aproni yangu. Nilijisemea nitamdanganya Paulina kitu, nitasema muuza nyama hakuwa na nyama.

Pili, nyuzi zenyewe zilikuwa mpya. Za zamani zilikuwa zimeoza, nikanunua kwa mchuuzi aliyepita siku ya Jumatatu, rangi zinawaka kweli kweli. Nikaona nimepata.

Mlango ukagongwa. Aliingia bwana mrefu mwenye mafua, kofia mkononi, na nyuma yake mkalimani, Mcheki, mtu mfupi aliyevaa kola safi. Kicheki chake tulikielewa wote, ingawa alikizungumza kana kwamba anatutolea sadaka.

"Nani mjane Gajdos?"

Paulina akasimama, mikono bado ina sabuni. Evka akajificha nyuma ya sketi yake.

"Unafanya kazi gani?"

"Nafua, bwana. Nguo za wanaume wote hawa."

"Nani anakulisha?"

"Najilisha."

Yule mrefu akapiga chafya, akasema kitu. Mkalimani akatabasamu. "Anasema kila mtu humwambia hivyo. Na viatu vya mtoto je?"

Paulina akawa mwekundu mpaka shingoni. Halafu akainua kichwa. Nilimwona anakusanya kile kiburi chake chote, na nilijua atakalolisema kabla hajalisema, na sikuwa na njia ya kumziba mdomo.

"Kwenye sufuria ile kuna nyama yangu," alisema. "Kila mtu hapa ana pande lake lenye uzi wake. Langu lina uzi wa buluu, ni haki yangu ya kufua. Fungueni, mtaona wenyewe."

Yesu na Maria! Mkalimani akafasiri. Afisa akaelekeza penseli kwenye sufuria: fungua. Nikasema bado haijaiva. Akasema anataka kuona, hataki kula.

Nikafunua. Mvuke ulipotawanyika tukainama sote. Nikachukua uma mrefu, nikainua pande la kwanza, na nusura nilidondoshe. Uzi hauna rangi. La pili halina. Yule mchuuzi mwizi alikuwa ameniuzia rangi ya kupaka, na kabichi yangu chachu ilikuwa imekula rangi zote. Nyuzi zote zilikuwa za kijivu, na mchuzi umekuwa zambarau. Nikayapanga kwenye sinia moja moja. Manane.

Afisa akahesabu kwa penseli, akasema neno, na mkalimani akahesabu tena kwa sauti ili tusikie. "Wanaume wanane. Mapande manane. Kila mwanamume lake." Akamgeukia Paulina. "La kwako, mama, liko wapi?"

Kabichi ikichemka tu. Paulina alilitazama sinia, halafu akanitazama mimi, na nikaona anaanza kuelewa. Miezi mitatu yote ikampitia usoni, ule uzi, zile kanda kanda zilizofungwa pamoja. "Dada?" akasema, kwa sauti ndogo kabisa. Afisa alikuwa ameshafungua daftari lake.

"Hesabu yako mbovu, bwana."

Aliyesema ni Jurko. Amekaa pembeni, anakata mkate kwa kisu chake cha mfukoni, hata kichwa hakuinua.

"Mbovu vipi?" mkalimani akauliza.

"Mimi nitoe. Leo Jumanne. Jumanne mimi sili nyama, nimeweka nadhiri kwa Mtakatifu Antoni. Kwa hiyo wanaume walaji ni saba. Saba na mama Evka, wanane. Wewe shuleni ulipita mlango gani?"

Kulikuwa na kijana mmoja kati ya wapangaji, mgeni aliyeingia mahali pa Matus, akili bado changa. "Lakini Jumanne iliyopita si uli..." akaanza, halafu akapiga ukelele na kushika muundi wake. Mzee Ciril alikuwa na buti zito.

"Ni kweli," Mzee Ciril akasema taratibu, anasugua masharubu. "Huyu ni mcha Mungu sana. Anatuaibisha sisi wengine."

"Nadhiri ya nini?" mkalimani hakuridhika.

"Ya kupata kitu nilichopoteza."

"Umepoteza nini?"

"Nikishakipata nitakuandikia barua."

Ondrej wangu alikohoa kuficha kicheko. Jurko akasimama, akaja kwenye sinia, akachukua uma mkononi mwangu. Akayapita mapande saba. Akachoma la nane, lile kubwa kuliko yote, la mafuta pembeni na mfupa katikati. Hakuna hata mmoja wetu wa nyumba ile asiyejua lile ni la nani, maana hakuna mwingine aliyenunua nyama ya ukubwa ule. Akalibeba linavuja mchuzi mpaka mezani, akaliweka kwenye sahani ya Paulina.

"Hili lako, mama Evka," alisema. "Uzi umepauka, lakini ndilo. Kaa ule, nyama haingojei serikali."

Paulina hakukaa. Alibaki amesimama, machozi yanamtiririka. Na Evka, ambaye alikuwa amesikia neno viatu, alikaa chini sakafuni, akafungua vile vifungo kimoja kimoja, akaja na soksi tu miguuni, akaviweka viatu mezani kando ya mkate.

"Virudisheni," Paulina akasema. "Sikujua ni vya maskini. Nilidhani ni desturi ya hapa."

Yule afisa aliposikia tafsiri alipenga kamasi kwa muda mrefu kuliko mafua yalivyohitaji. Halafu akavisukuma vile viatu kwa penseli, taratibu, mpaka vikafika ukingoni mwa meza mbele ya mtoto. Akaandika. Mkalimani akatusomea alichoandika: mjane anafanya kazi ya kufua, ana chakula chake mwenyewe, si mzigo wa mtu. Akavaa kofia. Mlangoni akageuka, akasema mfungeni mtoto viatu, sakafu ina baridi. Namshukuru hadi leo, na jina lake sikuwahi kulijua.

Walipotoka, jiko lilipasuka kwa kelele. Ondrej alinikumbatia mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi. Mzee Ciril akakata pande lake nusu kwa nusu, akamsukumia Jurko. "Kula, mtakatifu."

Jurko akalirudisha. "Nimeshasema ni nadhiri. Mungu kasikia, serikali imesikia."

"Ala! Si ulikuwa uongo?"

"Ulikuwa uongo nilipoanza kusema," Jurko akajibu. Akachovya mkate wake kwenye mchuzi wa zambarau, akala kabichi.

Baadaye nilimfuata uani, penye bomba, alipokuwa anaosha kisu chake.

"Jurko. Mimi nimekuwa nakuibia nyama."

"Najua."

"Tangu Agosti."

"Najua, shemeji. Mimi mkono wa birika, mnasema wenyewe. Unadhani siijui nyama yangu?"

"Kumbe ulijua, na kila siku ukanipigia kelele mezani! Vidole vinne, vidole vitatu, unanidhalilisha mbele ya watu!"

Akakung'uta maji. Masikio yake yalikuwa mekundu, sijui ni baridi au ni aibu. "Ningenyamaza ungekata kwa wote sawasawa," alisema. "Mzee Ciril ana watoto watano kule kwao. Yule kijana hali akashiba. Mimi nina mama tu. Nikaona, huyu mwanamke ana hasira, akimkasirikia mtu mkono wake unazidi. Basi nikawa nakukasirisha. Na ulipozidisha sana, nikaanza kununua kubwa zaidi."

Nilisimama pale na aproni yangu, uzi wa buluu mfukoni. Yale matusi yote niliyomtukana moyoni yalinirudia mojamoja, na ule mnofu niliokuwa nakata kwa chuki nikidhani namkomesha. Nililia kama mtoto. Nikamshika ule mkono wenye maji, mkono wa birika, nikaubusu.

"Acha, watu wanatazama," alisema. "Na kesho ni Jumatano. Kesho nitapima."

Na alipima. Haki ya Mungu, alipima.

Nyuzi tuliendelea kuzifunga, wanaume ni wanaume. Ila toka siku ile sufuriani likawemo pande la tisa, wanalinunua kwa zamu, lina uzi wa buluu niliotia mwenyewe rangi isiyotoka. Paulina alilila bila kuona haya, maana alijua ni la nani na limetoka kwa nani. Miaka mitatu ikaisha, ya nne ikaja, hakuna aliyemgusa. Evka ndiye huyo mwalimu wenu, Bi Gajdos, anayewapiga vidole kwa rula.

Jurko alikaa nasi miaka mingine kumi na moja, halafu akaenda Cleveland, na huko, nilikosea mwenzenu, alipata mke. Barua hakuwa anaandika, stempu ni gharama. Majuzi tu, msimu wa majani kuanguka, tukapata habari kwamba amefariki. Mimi na Paulina tukapanda treni, vikongwe wawili na kikapu cha keki za mbegu za popi.

Tulizika asubuhi, tukarudi nyumbani kwake kula. Meza ilikuwa imejaa: maandazi ya viazi, kabichi, uyoga, samaki. Nyama hata kipande. Mjane wake, mama mnene mwenye uso mwema, akatuomba radhi.

"Mtuwie radhi, wageni wetu. Leo Jumanne, na katika nyumba hii Jumanne hatuli nyama. Marehemu hakuruhusu, tangu nimeolewa. Tulimuuliza sana kwa nini, anasema ni nadhiri. Nadhiri ya nini, hakuwahi kusema. Watoto wamekua hawajui."

Paulina aliweka uma chini. Alinitazama, na mimi nikamtazama. Halafu akasogeza kiti chake karibu na yule mama, akamshika mkono.

"Mimi najua," akasema. "Waite watoto."